Uzi: Hotuba tunazijua wote, tuongee sasa kazi iliyofanyika nyuma ya zile hotuba za watu weusi Marekani

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Kila ikifika tarehe 28 Agosti magrupu yanajaa kile kipande cha Martin Luther King anasema ana ndoto, kwenye maandamano makubwa ya Washington 1963, watu wanaweka moyo wanapita. Sina ubaya nacho, mpaka leo nikikisikia mwili unasisimka. Kinachoniuma ni kwamba tumebaki na sauti peke yake, tunadhani jamaa alisimama akaongea vizuri wabaguzi wakalainika. Haikua hivo hata kidogo. Yale maneno yalikua na nguvu kwa sababu kabla hayajasemwa kuna watu walikua hawajalala, na hao wengi wao hatuwajui hata majina. Nimesoma haya mambo miaka mingi na yananigusa, naomba tukae nayo taratibu.

Tuanzie Montgomery, Alabama. Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks anakataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, anakamatwa. Wengi tumesimuliwa kwamba alikua mama wa watu, fundi cherehani, kachoka na kazi za siku nzima. Fundi kweli alikua. Ila alikua pia katibu wa tawi la NAACP pale mjini, chama cha kutetea haki za weusi, na kiangazi cha mwaka uleule alitoka mafunzoni Tennessee, shule inaitwa Highlander, ambako weusi na weupe walikua wanakaa meza moja kujadili namna ya kuvunja ubaguzi. Na miezi tisa kabla yake, 2 Machi, binti wa miaka 15 anaitwa Claudette Colvin alishakamatwa mjini hapohapo kwa kosa hilohilo. Kwaiyo mji ulikua unachemka tayari.

Sasa usiku ule Parks alipotolewa, mwalimu mmoja wa chuo, Jo Ann Robinson, kiongozi wa umoja wa wanawake weusi wa pale, hakwenda kulala. Alienda chuoni Alabama State na mwalimu mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kudurufu, wakapiga vipeperushi makumi ya maelfu mpaka alfajiri, ujumbe mmoja tu, Jumatatu usipande basi. Chuo chenyewe cha serikali ya Alabama, yaani karatasi na wino wa serikali ileile inayowabagua! Wakigundulika kazi imeisha. Asubuhi saa mbili akaingia darasani kufundisha kama kawaida, kipindi kilipoisha wakatoka na gari kugawa.

Hapo King bado hajaingia kwenye picha. Alikua na miaka 26, mchungaji mgeni mjini, alichaguliwa kuongoza Jumatatu mchana tarehe 5 wakati mabasi yameshashinda matupu tangu asubuhi. Jioni yake anatakiwa ahutubie kanisa la Holt Street, watu wamejaa mpaka barabarani, na mda wa kujiandaa alioupata ni kama dakika 20. Akaanza polepole, kama wakili anaeleza kesi. Alafu akasema, inafika wakati watu wanachoka kukanyagwa na miguu ya chuma ya ukandamizaji. Kanisa likalipuka. Aliyewahi kukaa kwenye ibada ya kilokole anajua kinachotokea pale, mhubiri anatupa neno watu wanalirudisha, na lile jibu ndo linamwambia aende wapi. King akairudia ileile, inafika wakati, inafika wakati, kila akirudia anapanda ngazi moja. Hotuba ile waliitunga wote mle ndani.

Sema makofi hayampeleki mtu kazini kesho yake. Mgomo ulikwenda siku 381. Mama wa kazi za ndani anaishi mbali na nyumba ya mwajiri, atafikaje? Teksi za weusi zikawa zinachaji senti 10, nauli ya basi, serikali ya mji ikaanza kuzibana kwa sheria ya nauli ya chini. Wakahamia kwenye magari ya watu binafsi na ya makanisa, vituo na ratiba vikapangwa. Kampuni za bima zikafuta bima za yale magari, wakaenda kuipata kwa Lloyd's, soko la bima la London. Na hela ya mafuta? Kuna mama mpishi anaitwa Georgia Gilmore, alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani, akakusanya wanawake wenzake wakawa wanapika kuku na keki kimyakimya wanauza, mpaka kwa wazungu wanauza, hela inaletwa kwenye mkutano wa hadhara. Akiulizwa imetoka wapi anajibu haijatoka popote. Alikua analinda wenzake wasifukuzwe kazi. Mimi huyu mama kwangu ni mkubwa sawa na King, na silisemi hili kwa mbwembwe.

Kilichomaliza kesi kisheria ni mahakama kuu ya Marekani, Novemba 1956, na mmoja wa wadai alikua yuleyule Claudette Colvin.

Naendelea chini, nipeni mda.

#2 Mleta uzi

Sasa Nashville, Tennessee, hapa ndo utaelewa kwamba kutopiga, yaani kupinga ubaguzi bila kurudisha ngumi, lilikua somo linalofundishwa kama ufundi wowote.

James Lawson alikua mchungaji kijana, alishafungwa kwa kukataa kwenda vita vya Korea, akakaa India miaka mitatu akijifunza njia za Gandhi. Habari za Montgomery alizikuta kwenye gazeti akiwa hukohuko. Aliporudi akaanza kufundisha wanafunzi kwenye chumba cha chini cha kanisa. Mafunzo yenyewe: mwanafunzi anakaa kwenye kiti kama yuko kaunta ya chakula, wenzake wanageuka wahuni, wanamtukana, wanampulizia moshi wa sigara usoni, wanamvuta nywele, wanamsukuma mpaka chini. Ukikasirika unaanza upya. Wanafundishana mpaka namna ya kujikunja ukipigwa mateke ili kichwa kipone, na namna ya kujiweka katikati mwenzako akizidiwa.

Tarehe 1 Februari 1960 vijana wanne wa Greensboro, North Carolina wakakaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu, duka la Woolworth, wakaomba kahawa wakanyimwa, moto ukasambaa. Nashville wakawa tayari, tarehe 13 wakaingia mjini wamevaa nguo za kanisani, vitabu mkononi. Walikua na karatasi ya masharti: usirudishe ngumi wala tusi, usicheke kwa sauti, kaa wima uso kwenye kaunta. Fikiria picha kesho yake gazetini, kijana wa suti anasoma kitabu, nyuma yake wahuni wanamwagia vitu kichwani. Hakuna maelezo yanahitajika hapo, msomaji anajua mwenyewe nani mstaarabu. Hiyo nayo ni hotuba, imetolewa kwa mgongo na shingo.

Tarehe 19 Aprili alfajiri nyumba ya wakili wao, Looby, ikalipuliwa kwa baruti. Siku hiyohiyo maelfu wakatembea kimya, unasikia viatu tu, mpaka ofisi ya meya Ben West. Meya akaanza maneno yake ya kisiasa, ndo Diane Nash, binti wa miaka 21, akamkatisha kwa swali moja: wewe kama mtu, unaona ni haki kumbagua mwenzako kwa sababu ya rangi yake tu? Meya mbele ya watu wote akakiri kwamba hapana. Tarehe 10 Mei kaunta za katikati ya mji zikaanza kuhudumia weusi.

Angalia lile swali lilivyokaa. Hakumuuliza meya kuhusu sheria ya mji, sheria angejificha nayo. Alimvua cheo kwanza.

#3 Mdau

Mkuu uzi mzuri ila nina swali la kweli. Hii ya kupigwa huku umekaa, wewe huoni kama ni kumfundisha mtu mweusi unyonge? Malcolm X, yule aliyetaka mtu mweusi ajitetee akipigwa, aliwasema sana kwenye hili na mimi nilikua upande wake tangu shule.

#4 Mleta uzi

Mkuu swali lako ni la haki na wenyewe waligombana sana juu yake. Ngoja nilijibu kwa kisa cha walivyoshindwa.

Albany, Georgia, 1961 na 1962. Mkuu wa polisi wa pale, Laurie Pritchett, alizisoma mbinu zao kama mwanafunzi wa mtihani. Akawaambia askari wake hakuna kupiga mtu mbele ya kamera. Waandamanaji wakija anawakamata kwa adabu, na kwa sababu alijua mpango wao ni kujaza jela, akaongea na kaunti za jirani wampe nafasi. Jela yake haikujaa, picha za kushtua hazikupatikana, Agosti 1962 King akaondoka mikono mitupu. Tafakari hilo. Kutopiga peke yake hakukufanya kitu. Njia yao ilikua inautoa nje ukatili uliojificha, na mjanja akiuficha vizuri inakwama.

Ndo mwaka uliofuata wakaenda Birmingham, Alabama kwa makusudi kabisa. Kule alikuepo Bull Connor, bosi wa polisi na zimamoto, mtu asiyejizuia. Mwenyeji wao Fred Shuttlesworth, nyumba yake ilishalipuliwa Krismasi ya 1956 na yeye akiwa ndani. Wyatt Walker, mpanga mikakati wa King, alienda kabla akapima njia kwa miguu kutoka kanisani mpaka madukani, kijana anatumia mda gani, mzee anatumia mda gani. Wakachagua msimu wa manunuzi ya Pasaka ili wafanyabiashara wasikie maumivu.

King akakamatwa Ijumaa Kuu tarehe 12 Aprili 1963. Wachungaji na viongozi wa dini wanane, wote weupe, walikua wametoa tamko gazetini wakimwambia asubiri. Akaanza kuwajibu mle rumande, anaandika pembeni mwa gazeti. Kwenye ile barua kuna sentensi moja ndefu, inajaza karibu ukurasa mzima. Anasema ni rahisi kusema subiri kwa asiyechomwa. Alafu anaanza: ukishaona magenge yanawanyonga mama zako na baba zako, ukishaona askari wanawapiga na kuwaua ndugu zako, ukishajikuta ulimi mzito unamweleza binti yako wa miaka sita kwanini haruhusiwi kwenda kwenye bembea anazoziona kwenye TV, ukishalazimika kumjibu mwanao wa miaka mitano anayeuliza baba, mbona wazungu wanawatendea weusi ubaya hivi... anakwenda, anakwenda, hakupi nukta, na mwisho kabisa ndo anafunga kwamba hapo mtaelewa kwanini tunaona ni vigumu kusubiri. Yaani alimsubirisha msomaji! Nilisoma mara ya tatu ndo nikaona alichofanya. Na humohumo anawaambia mataifa ya Asia na Afrika yanakwenda kwenye uhuru kwa mwendo wa ndege ya jeti, wao bado wanatambaa kwa mwendo wa gari la farasi kutafuta kikombe cha kahawa kaunta. Mwaka huo Tanganyika ilishakua huru, Kenya inaelekea Desemba.

Tarehe 2 Mei wakatoa watoto wa shule barabarani, zaidi ya elfu. Kesho yake Connor akaachia mbwa na mabomba ya zimamoto, dunia nzima ikaona. Hapa Malcolm alisema wanaume wa kweli hawaweki watoto wao mstari wa mbele. Mimi hapa nasita, nawaambia ukweli. Najua bila wale watoto Birmingham isingefunguka, na kila nikiangalia zile picha nashindwa kusema ningemruhusu wangu. Mwezi wa tisa mwaka uleule bomu likaua mabinti wanne kanisani, palepale walipokua wanatokea watoto kuandamana.

Kwaiyo mkuu, unyonge mimi siuoni. Naona watu waliohesabu gharama, wengine wakahesabu tofauti.

#5 Mdau (Nairobi)

Asante sana kwa hii kazi. Naomba niongeze kitu hapa, maana watu husahau hii mambo ilikuwa inaenda na kurudi. Tom Mboya alihutubia vijana Washington Aprili 1959 kwenye maandamano ya kutaka shule zisitenganishwe, na mwaka huo ndio ile ndege ya kwanza ya wanafunzi wetu ilienda Amerika, pesa zikichangishwa na kina Jackie Robinson, mchezaji wa baseball, na mwanamuziki Harry Belafonte. Thurgood Marshall, wakili wa NAACP mwenyewe, alienda Lancaster House, mkutano wa katiba ya Kenya kule London, 1960 kuwasaidia wajumbe wetu na sehemu ya haki kwenye katiba. Na Jaramogi Oginga Odinga alipofika Atlanta Desemba 1963, vijana wa SNCC, ule umoja wa wanafunzi wa kupigania haki, walienda hotelini kumuona, baadaye wakaenda kula mkahawa wa jirani wakanyimwa huduma na kushikwa. Wakatunga wimbo juu yake, na neno uhuru liko ndani, wakiimba kwa Kiswahili hivyohivyo.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi ubarikiwe, hiyo ya wimbo ni nzito. Nyimbo zilikua nusu ya kazi. Mtu akiimba mle jela hofu inapata mahali pa kwenda.

Nirudi kwa Malcolm maana mdau wa #3 anamsubiri. Malcolm hakuongea kama mchungaji. Sentensi fupi, neno la mtaani, anakuuliza alafu anakujibu mwenyewe. Akiyasema yale maandamano makubwa ya Washington alisema ni kama kahawa nyeusi kali, ukiitia maziwa inapoa, inalegea, ilikua inakuamsha sasa inakulaza. Mtu wa kijiweni kwetu anaelewa bila mkalimani. Plymouth Rock, lile jiwe Wamarekani weupe wanalodai babu zao walitua hapo, yeye akasema sisi hatukutua juu ya jiwe, jiwe ndo lilitutua sisi.

Ila mchango wake mkubwa kwangu ni kubadilisha neno moja. Alisema ukiita haki za kiraia, unabaki unashtaki kwa yuleyule aliyekuonea. Ukiita haki za binadamu unaweza kuipeleka kesi Umoja wa Mataifa, na kule Afrika ina kura. Ndo maana Julai 1964 alikua Cairo kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, akigawa waraka kwa viongozi, na Oktoba akafika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere na waziri wake Abdulrahman Babu. Desemba Babu akasimama jukwaani kwake New York, Audubon Ballroom, akahutubia. Ukumbi huohuo Malcolm aliuawa tarehe 21 Februari 1965. Pio Gama Pinto, rafiki yake wa Nairobi, akapigwa risasi siku tatu baadae.

#7 Mleta uzi

Ninayetaka mumsikilize zaidi kuliko wote ni Fannie Lou Hamer.

Mtoto wa 20 kwa mama yake, Mississippi, kaanza kuchuma pamba utotoni. Tarehe 31 Agosti 1962 akapanda basi na wenzake 17 kwenda kujiandikisha kupiga kura. Aliporudi mwenye shamba akamwambia kafute au uondoke. Akajibu, sikwenda kujiandikisha kwa ajili yako, nilikwenda kwa ajili yangu. Usiku huohuo akaondoka. Miaka 18 kwenye lile shamba.

Juni 1963 akakamatwa Winona, Mississippi akitoka mafunzoni, polisi wakawalazimisha wafungwa weusi wampige kwa rungu la ngozi mpaka wachoke. Figo na jicho havikupona tena.

Tarehe 22 Agosti 1964 anaketi mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Atlantic City, kudai wajumbe wa Mississippi weupe watupu wasitambuliwe, watambuliwe wa kundi lake. Hana karatasi. Anaanza kwa kujitambulisha, Bibi Fannie Lou Hamer, alafu anataja namba ya nyumba na mtaa. Kwa mazoea ya Mississippi mzungu hamwiti mwanamke mweusi Bibi fulani, anamwita jina tupu hata akiwa ajuza. Na anwani ile anaitaja mbele ya TV wakati nyumba alizokua analala zilishapigwa risasi. Alichokifanya sekunde zile za kwanza ni kusema mimi ni mtu mzima mwenye heshima, na nakaa hapa.

Kisha anasimulia. Hana mapambo, hana kupanda na kushuka kwa King, anapanga siku, saa, nani alisema nini, nani alishika rungu. Mwisho anauliza kama hii ndo Marekani, nchi ya watu huru, ambako tunalala simu zimetolewa kwenye vyombo vyake kwa sababu kila siku tunatishiwa kuuawa.

Rais Johnson aliogopa yale maneno mpaka akaitisha mkutano wa waandishi wa ghafla ili kamera zimwache mama. Kamera zikaondoka kweli. Ila jioni vituo vikarusha ushahidi wake, na sasa watu wako majumbani wanaangalia. Chama kikawapa kundi lake viti viwili vya kuwapoza, akasema hatukuja mbali hivi kwa viti viwili. Sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa tarehe 6 Agosti 1965, baada ya damu nyingine ya waandamanaji kumwagika kwenye daraja la Selma, Alabama.

#8 Mdau

Dada yenu naomba kuuliza, kaka. Huyu mama wa shamba la pamba alifundishwa na nani kusimama hivyo? Maana mimi ni mwalimu, najua watoto wenye maneno wapo wengi ila wanaogopa kusimama.

#9 Mleta uzi

Mwalimu umegusa penyewe. Maneno alikua nayo tangu kanisani. Aliyemtengenezea nafasi ni vijana wa SNCC, na hao walilelewa na Ella Baker, mama aliyewaita wanafunzi Raleigh Aprili 1960 na kuwazuia wasimezwe na wachungaji wakubwa. Msimamo wake ulikua kwamba watu wenye nguvu hawahitaji kiongozi mwenye nguvu.

Mwanafunzi wake mkubwa ni Bob Moses, mwalimu wa hesabu kutoka New York. Ukitafuta hotuba yake kali hutaipata. Alikua anaongea chini, taratibu, anakaa barazani kwa mkulima anauliza wewe unaonaje, alafu ananyamaza mpaka ajibiwe. Mississippi walimpiga kichwani akiwa anapeleka watu kujiandikisha, shati limejaa damu akaendelea nao mpaka ofisini. Alipoona jina lake limekua kubwa kuliko watu wenyewe akaliacha, akawa anatumia la kati, Parris.

Na huyu mtu, ndugu zangu, amekaa kwetu. Kuanzia 1969 mpaka 1976 alikua Tanzania na mke wake, chini ya Wizara ya Elimu, anafundisha hesabu sekondari ya Same. Same hii ya Kilimanjaro, ya njia ya Arusha. Aliporudi Marekani, 1982 akaanzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto weusi maskini, hoja yake ni kwamba mtoto asiyejua aljebra leo amefungiwa mlango kama babu yake alivyofungiwa kwenye ofisi ya kura, na njia ya kufundisha ni ileile, unakaa na mtoto, unamuuliza anaonaje, unasubiri.

Kama humu kuna mzee au mama aliyesoma Same miaka ile na alikaa darasani kwake, naomba sana aje atuambie alikua anafundishaje. Nitaacha uzi wazi.